Kisemeo cha Tupokigwe

Kisemeo cha mke wangu kilikuwa hakijaamilishwa, na kama kisingeamilishwa kabla masika hayajaisha, kingezimwa. Kikizimwa asingeongea tena. Hiyo ndiyo shida yenyewe.

Tuliijua siku ya soko. Tupokigwe alikuwa anapatana bei na mwanamke mmoja aliyetoka kijiji cha Ushirika, mimi nashusha mikungu kwenye gari.

"Huu siwezi kushusha zaidi, mama," alikuwa anasema. "Angalia vidole vyake vilivyo, vimeshiba kama..."

Hapo akakatika. Macho yakamtoka. Kisha kinywa kilekile, kwa sauti ileile yake, kikasema: "Nakala hii ya mfumo haijaamilishwa. Tafadhali amilisha leseni yako ili uendelee kufurahia huduma."

Mteja akarudisha mkono wake nyuma. "Umesemaje?"

"Sikusema mimi," Tupokigwe akasema. "Kimesema chenyewe."

Mama Tumpe wa meza ya pili alicheka mpaka akakaa chini kwenye gunia. "Leseni ya kuuza ndizi nayo imeanza lini? Haya amilisha, shoga yangu, tuuze! Watoto wanataka kula!"

Soko zima lilicheka. Tupokigwe naye alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka.

Kiharusi kilikuwa kimempata akiwa jikoni. Mguu ulirudi, mkono ukarudi, kauli haikurudi. Hospitali ya mkoa wakamwekea kisemeo, kama siku hizi wanavyowawekea wengi. Nyuma ya sikio kuna kidude kama punje ya mahindi, na kutoka hapo nyuzi nyembamba kama za buibui zinashuka mpaka kooni. Kidude kinasikiliza kile kichwa kinachotaka kusema, kisha kinasukuma koo liseme. Sauti inayotoka ni yake mwenyewe. Siku aliyosema neno la kwanza baada ya kukaa bubu, alisema, "Nani kaacha mlango wazi kuku waingie?" Nikatoka nje nikalia.

Lakini ndani ya ile punje kuna mfumo endeshi, kama ulivyo kwenye kompyuta yoyote, na mfumo una mwenyewe, na mwenyewe si sisi. Kampuni iliyoutengeneza ilinunuliwa na kampuni nyingine. Waliokuja walituma toleo jipya kwa njia ya hewa, likaingia vichwani mwa watu wakiwa wamelala. Toleo jipya halikutambua leseni za zamani, kwa sababu leseni nyingi zilikuwa zimeibwa: mtu amekufa, leseni yake inauzwa kwa aliye hai. Kwa hiyo kila mwenye kisemeo alitakiwa athibitishe kwamba yeye ni yeye. Hawakutaka malipo. Ulitakiwa utamke jina lako kamili kwa kinywa chako, ukiwa macho, mfumo ulinganishe jina na lililoandikishwa na sauti na iliyohifadhiwa. Kazi ya kupiga chafya tu.

*

Jioni ile tulikaa mezani, simu nikaiegemeza kwenye chupa ya chai. Simu ikasema, "Tamka jina lako kamili."

"Tupokigwe," alisema mke wangu.

"Jina halijakamilika. Tafadhali jaribu tena."

Hakujaribu. Nikamtazama, nikaelewa.

Mimi nafanya kazi kwenye mashamba ya chai. Mashine za kuchuma zinajiendesha zenyewe siku hizi. Kazi yangu ni kuzivuta zikinasa matopeni. Bima ya matibabu ilikuwa ya kampuni ya chai, na bima ilitaka mke aandikishwe kwa jina la ukoo wa mume. Ndivyo alivyoandikishwa: Tupokigwe Mwakisu. Mwakisu ni baba yangu.

Asiyetoka kwetu Rungwe huenda haoni neno hapo. Kwetu mkamwana halitamki jina la baba mkwe. Hakai naye benchi moja, hamtazami usoni, hapiti mbele yake. Wengi wameyaacha hayo. Mabinti wa leo wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana. Lakini Tupokigwe alilelewa na bibi yake huko Mwakaleli, na wakati wenzake wanarithi mashamba yeye alirithi hilo. Baba anaishi nyumba ya chini, ng'ambo ya migomba. Akitaka kupita uani kwetu anakohoa pale kona, Tupokigwe anaingia jikoni, ndipo anapita. Chakula mke wangu anapika, mimi napeleka. Hata neno la kawaida linalofanana na jina lile hakuligusa tangu nimuoe. Kile wengine wanachokiita kisu, yeye alikiita cha kukatia. "Nipe cha kukatia." Mwanetu Sekela alikua mkubwa ndipo akajua kwamba kina jina.

Kisemeo kikiwa bado kipya kilikuwa kinamkisia maneno ili asichoke. Kuna siku akiwa anamenya ndizi kikamkisia lile neno, likaanza kutoka, akaziba mdomo kwa kiganja mpaka machozi yakamtoka. Baada ya hapo kidude hakikumletea tena. Mashine ilielewa.

"Ni neno moja," nilimwambia.

"Najua ni moja."

"Unalisema mara moja, basi. Mimi nitatoka nje. Hata mbwa nitamtoa."

"Wewe utatoka, mbwa atatoka," alisema. "Na mimi masikio yangu niyapeleke wapi?"

"Kampuni haijui mila zetu, mama Sekela."

"Ndiyo maana siigombezi. Wewe unazijua."

Akachukua simu akaigeuza kifudifudi, akaenda kufunika kuku.

*

Nilikwenda Mbeya, kwenye ofisi ya wenye mfumo. Nyuma ya kioo kulikuwa na binti mwenye kucha nzuri na tabasamu.

"Kubadilisha jina ni rahisi sana, baba," alisema. "Unaingia kwenye akaunti ya mama, unagusa palipoandikwa jina, unaandika unalotaka. Basi."

"Nikiingia inaniambia niamilishe kwanza."

"Ndiyo, uamilishe kwanza."

"Nikitaka kuamilisha inataka jina."

"Ndiyo, mama alitamke."

"Hilo jina ndilo ninalotaka kulibadilisha."

"Utalibadilisha ukishaamilisha, baba."

Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa ananitania.

"Kwani mama hajui jina lake?" akauliza, kwa upole kabisa.

"Analijua kuliko wewe unavyolijua lako. Umeolewa, binti?"

"Bado."

"Ukiolewa kwetu ndipo utanielewa."

Akacheka. Alipoona mimi sicheki, akaacha. Nikamweleza yote, tangu kikohozi cha baba mpaka cha kukatia. Alisikiliza kwa makini, foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Akaandika kwenye kompyuta yake, akangoja, akaandika tena. "Nimewaeleza," alisema. "Wamejibu." Akanigeuzia skrini. Jibu lilikuwa limeandikwa kwa heshima: wanathamini tamaduni zote, na mteja atamke jina lake kamili.

*

Ukumbusho ulizidi. Mwanzoni ulikuja mara moja kwa siku, kisha kila baada ya mazungumzo, kisha katikati ya mazungumzo. Akiomba chumvi, ukumbusho. Akimwita mbwa, ukumbusho, na mbwa anasimama njiani hajui aje au asije.

Mume wa Mama Tumpe akafariki. Tupokigwe ndiye kiongozi wa kina mama kanisani kwetu, kwa hiyo sala ya kaburini ilikuwa yake. Nilimwambia amwachie mwingine. Akasema Mama Tumpe amemtaka yeye. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwetu isiyo na haraka. Akaanza vizuri.

"Bwana, umpokee mtumishi wako, aliyelima akalisha, aliyejenga akakaribisha... Nakala hii ya mfumo haijaamilishwa. Tafadhali amilisha leseni yako ili uendelee kufurahia huduma."

Hakuna aliyecheka. Mama Tumpe, yule aliyecheka sokoni mpaka akaketi, alimshika mkono. "Endelea tu, dada. Mungu anajua wewe ni yupi."

Akaendelea. Kikamkata tena. Akaendelea. Alipofika amina watu walikuwa wanalia, na si wote waliokuwa wanamlilia marehemu.

Baba alikuwepo msibani, amekaa upande wa wazee. Kesho yake akaja kwetu. Akakohoa pale kona, Tupokigwe akaingia jikoni, kama siku zote. Ila safari hii baba hakupita. Alisimama akaupa ukuta wa jikoni mgongo, uso ameuelekeza kwenye migomba.

"Mkamwana," alisema. "Upo?"

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema na mke wangu moja kwa moja, tangu nimuoe. Nikajibu mimi, "Yupo, baba."

"Sikukuuliza wewe."

Ndani kukasikika sauti ndogo. "Nipo."

"Nimeambiwa wanalitaka jina langu. Litamke, mwanangu. Nimekuruhusu. Mimi nimezeeka na jina limechakaa, hata likivunjika si hasara."

Nilishusha pumzi. Nikajua yamekwisha. Moshi ulikuwa unatoka kwenye upenyo wa paa mke wangu alipojibu.

"Ndaga, tata. Nashukuru, baba. Lakini hii heshima si yako hata uniondolee. Ni yangu. Nilipokuja hapa sikuwa na ng'ombe wala shamba, nilikuja nayo hiyo. Nikiitoa nitabaki na... Nakala hii ya mfumo haijaamilishwa. Tafadhali amilisha leseni yako ili uendelee kufurahia huduma."

Baba alingoja kimalize, kama unavyomngoja mlevi apite njiani.

"Huyo anayekudakiza," alisema, "ndiye anayelitaka?"

"Ndiye."

"Basi hata mimi nisingempa."

Akaondoka zake. Nilimfuata mpaka kwenye migomba nikamwambia, "Baba, umeharibu."

"Nimemruhusu," alisema. "Ulitaka nimlazimishe?"

Nilitaka. Sikumwambia.

*

Asubuhi moja Tupokigwe aliamka akafungua kinywa, kikasema: "Kisemeo chako sasa kiko katika hali ya msingi."

Hali ya msingi ni maneno matano. Ndiyo, hapana, maji, maumivu, msaada. Kampuni ilieleza kwamba imefanya hivyo kwa huruma, ili mgonjwa asikose kuomba msaada wakati anashughulikia leseni yake. Mengine yote yalikuwa bado kichwani mwake, yanafika kooni yanakuta mlango umefungwa.

Alikuwa anapeta maharage. Akaona kitu, akataka kunionyesha. "Maji," alisema. "Maji. Maumivu." Akatikisa kichwa kwa hasira. "Hapana, hapana." Akaubwaga ungo chini. Nikainama nikaona wadudu wametoboa maharage. Alitaka kuniambia maharage yameharibika.

Sekela akapiga simu kutoka Dodoma. Alikuwa na mimba ya kwanza, imekaribia. Alizungumza na mama yake kwa muda, na upande wa huku nikasikia ndiyo, ndiyo, hapana, ndiyo. Kisha akanitaka mimi.

"Baba, hayo matano nayo yakiisha?"

"Kitazimwa."

"Na kikizimwa si kitawashwa tena siku akikubali?"

"Daktari anasema hapana. Nyuzi zinataka kusukumwa kila siku. Zikilala kooni zinaganda, haziamki. Na upasuaji mwingine hatapewa kwa umri ule."

Akalia. Kisha akaacha kulia, na sauti iliyokuja ilikuwa ya mama yake kabisa. "Sasa unangoja nini? Yeye anaogopa jina. Wewe unaogopa nini? Mtoto wangu atakuja, bibi yake atamwambia nini? Maumivu?"

Usidhani mimi sikuwa na uchungu. Mwanamke yule alikuwa anaongea tangu jogoo wa kwanza. Alikuwa ananiambia habari za watu nisiowajua na magonjwa ya kuku. Sasa nikirudi kazini nyumba inanisubiri kama ofisi.

*

Gwamaka ni fundi, ana kibanda karibu na stendi ya Tukuyu. Anatengeneza simu, mashine za kuhesabia kura, chochote chenye waya. Tulikuwa pamoja darasani mpaka nilipoacha shule mimi. Yeye aliendelea kidogo. Nilikwenda peke yangu kwanza.

"Kuna hali ya majaribio," alisema. "Walipokiweka hospitali, daktari aliandika sentensi kwenye kompyuta, koo likasema. Ndivyo wanavyojaribu nyuzi kama zimekaa sawa. Ule mlango bado upo. Naweza kuandika jina, kinywa chake kikalisema, na sauti ni yake. Mfumo hauwezi kutofautisha."

"Afanyiwe akiwa usingizini."

"Haiwezekani. Mfumo unajua mtu amelala, utakataa. Lazima awe macho."

"Atasikia?"

"Ana masikio, kaka." Akaweka bisibisi chini. "Shemeji ameridhia?"

"Ataridhia akishaisikia sauti yake imerudi."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililonalo."

Akajikuna kidevu. "Unajua hii inafanana na nini? Inafanana na kumshika mtu dole gumba ukampakaza wino, ukalibandika kwenye karatasi ya kuuza shamba lake."

"Siuzi shamba lake. Namrudishia."

"Mnunuzi hatajua tofauti," Gwamaka alisema. Lakini akaniambia nimlete kabla ya wiki kwisha, maana masika yalikuwa yanaishia.

Nilimwambia Tupokigwe tunakwenda kwa Gwamaka kuangalia betri. Akavaa kanga yake ya kutokea, akaja. Njiani alisalimia watu kwa mkono. Kwenye kibanda alikaa kwenye kiti cha plastiki, Gwamaka akamwekea kipete cha waya wa kompyuta nyuma ya sikio, taa ya kijani ikawaka. Mke wangu alitulia. Alikuwa ananiamini.

Gwamaka akaandika. Skrini ilikuwa imetuelekea sisi, lakini ukutani kulikuwa na kioo cha simu kubwa iliyoharibika kilichoakisi maandishi, na Tupokigwe anasoma vizuri kuliko mimi. Akaliona jina lake, na lile lililofuata, limeandikwa kwa herufi kubwa. Akageuka akanitazama.

"Hapana," alisema.

Gwamaka akainua mikono yote miwili kutoka kwenye kibodi. "Kaka, amesema hapana."

"Nimesikia."

"Hapana," alisema mke wangu. Hakuwa anamwambia Gwamaka.

"Bonyeza," nikasema.

"Bonyeza wewe. Mkono wangu hauendi."

Nilisogea nikakaa alipokuwa amekaa Gwamaka. Tupokigwe aliona ninachofanya, akanyanyua mkono aupeleke mdomoni, kama alivyofanya siku ile ya kumenya ndizi. Nilimshika kifundo cha mkono. Ulikuwa mkono uleule kiharusi kilioupoozesha, hauna nguvu sana. Haikuwa kazi kuushika.

"Hapana."

Nikabonyeza.

Midomo yake ikafunguka. Jina likatoka, lote, limetamkwa vizuri, taratibu, kama mtangazaji wa redio anayesoma taarifa ya habari. Macho yake yalikuwa wazi yananitazama wakati kinywa chake kinalisema. Nilidhani yamekwisha. Mimi sikujua, na Gwamaka naye hakufikiria, kwamba mfumo ukiridhika hushukuru. Kinywa kikafunguka tena, kwa sauti ileile yake, na kwa furaha:

"Asante, Tupokigwe Mwakisu. Leseni yako imeamilishwa kikamilifu."

Gwamaka akatoka nje akasimama mvuani.

"Haya," nilimwambia mke wangu. "Imerudi. Maneno yote yamerudi. Nitukane basi. Sema lolote."

Aliondoa kile kipete mwenyewe, akakiweka mezani polepole. Akajifunga kanga vizuri. Akatoka, akapita mbele ya gari langu, akaenda nyumbani kwa miguu.

*

Nilifikiri ni hasira, na hasira ina mwisho. Nikangoja. Alipika, alifua, alikwenda sokoni akawaonyesha wateja bei kwa vidole. Kanisani alisimama na wenzake wakiimba, midomo imefungwa. Mama Tumpe alikuja akakaa naye jikoni mchana kutwa, alipotoka akanipita bila salamu.

Nilimleta Gwamaka nyumbani, nikidhani tumeharibu kitu. Akakipima kwa mbali kwa simu yake, maana Tupokigwe hakumruhusu amsogelee.

"Kizima," alisema. "Hakijawahi kuwa kizima hivi. Kinasikiliza vizuri, nyuzi zinajisukuma zenyewe, hazitaganda. Lakini hakuna kinachokuja kutoka kichwani. Watu waliokasirika maneno yanawajaa, nayaona hapa yanagonga. Kwake hayagongi. Ameacha kuyatengeneza."

"Kwa hiyo tufanyeje?"

"Kwa mashine hii, hakuna cha kufanya." Akaizima simu yake. "Kaka, usiniite tena kwa kazi hii."

Mke wangu aliendelea kupika chakula cha baba, ila akawa hakipakui. Alikiacha chunguni nipakue mimi. Nilipompelekea baba, alifunua, akafunika.

"Rudisha," alisema.

"Baba, amepika yeye mwenyewe."

"Najua. Naujua mkono wake. Amepika kwa sababu ni mtu. Mimi nitakulaje?" Alikuwa amekaa kizingitini, miguu imevimba. "Niliruhusu aseme. Sikuruhusu asemeshwe. Umemvua nguo mbele yangu, halafu unaniletea sahani."

Sasa anapikiwa na mjukuu wa ndugu yake. Akitaka kwenda barabarani anazunguka kwa juu, kwenye utelezi, ili asipite uani kwetu. Kikohozi chake pale kona sikisikii tena. Mwezi uliopita alianguka.

Sekela alijifungua salama. Mtoto wa kike, akampa jina la mama yake. Alimleta alipopata nguvu, akashuka kwenye basi anacheka. "Mama! Mjukuu wako huyu hapa, msalimie!"

Tupokigwe alimpokea mtoto. Akambusu, akamnusa kichwa, akamfunga mgongoni kwa kanga, akatembea naye uani huku na huku, anamtikisa vizuri kwa mwendo wa wimbo. Wimbo haukuwepo. Mtoto alilala tu. Sekela alisimama mlangoni akitazama, akasubiri, akasubiri. Kisha akanigeukia.

"Baba, si ulisema imefanikiwa?"

"Imefanikiwa."

"Ulimfanya nini?"

Nikamwambia, maana sijui kusema uongo mrefu. Alikaa siku zilizobaki bila kugombana nami. Aliniandalia chai, akaniita baba. Alipoondoka aliniaga kwa mkono, kama unavyomuaga mwenye duka.

Leseni ni ya maisha, haina mwisho. Nilichotoa nikaipata ni hiki. Sauti ya mke wangu, yote, ya kunisalimia na ya kunifokea. Baba yangu, aliye hai na asiyekula kwangu. Binti yangu, ambaye sasa akipiga simu anazungumza nami kuhusu mvua. Gwamaka, rafiki tangu utoto. Nyimbo ambazo mjukuu wangu hatazisikia. Na yale matano niliyokuwa nimebakishiwa, maana kama ningetulia, angalau ningeambiwa ndiyo mpaka mwisho wa masika. Neno la mwisho mke wangu aliloniambia ni hapana. Aliniambia mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimemshika mkono.